UZI: Mwaka wa kwanza, somo la Stadi za Mawasiliano msilipite kwa desa tu

Kigoda Chakavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila vyuo vikifunguliwa swali hili linarudi humu. "Mimi nasoma uhasibu, naambiwa nisome Stadi za Mawasiliano, kwani mimi bubu?" Anakuja mdau anamjibu, "Tafuta desa la mwaka jana, zile notsi za kukariri, maswali ni yaleyale, utapita." Na kweli anapita. Shida inakuja mwaka wa tatu, siku ya kutetea ripoti ya utafiti. Karatasi inatetemeka mkononi, mtu kawapa mgongo wasimamizi anasoma slaidi neno kwa neno, na akiulizwa "kwa nini ulichagua kata hii?" anajibu kwa kurudia kichwa cha utafiti.

Nitangaze maslahi kabisa: nimelifundisha somo hili kwenye chuo ambacho sitakitaja. Kwa hiyo mnaweza kusema navutia kamba upande wangu. Lakini hata mimi nasema waziwazi kwamba linavyopimwa ndiko linakoharibikia. Ukumbi una mamia ya watu, lekchara mmoja, maiki moja ambayo betri zake zinakata. Kwenye vyuo vyetu vingi koswaki (kazi za muhula) ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na huo mtihani ni wa kuandika. Maana yake mtu anaweza kupata A ya kuzungumza mbele ya watu kwa kuorodhesha sifa za msemaji bora kwenye karatasi, na muhula mzima hajafungua mdomo darasani hata kuomba dirisha lifunguliwe.

Mtasema, mbona kuna prezentesheni za vikundi? Zipo, na hapo ndipo pananiuma zaidi. Kikundi kina watu kumi. Mnakutana kantini jioni, kazi inagawanywa: huyu atafute, yule achape, wengine watachangia hela ya kuprinti. Nani ataprezenti? Macho yote yanamgeukia yule aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Yeye ndiye anasimama wiki hii, na wiki ijayo, na muhula ujao. Aliyekuwa anajua anazidi kujua, na yule aliyelihitaji zoezi hilo anapata maksi zilezile akiwa amekaa mstari wa nyuma. Lekchara anaona sawa, maana kikundi kimewasilisha. Hakuna aliyedanganya mtu, na hakuna aliyejifunza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwaka wa kwanza hauhusu sauti wala mikono. Omba kuongea. Kwenye kikundi sema mapema, kabla kazi haijagawanywa, "utangulizi naushika mimi." Utangulizi ni mfupi, dakika mbili tatu, unaujua mwanzo mwisho, na hakuna swali linaloulizwa hapo. Wiki nyingine chukua hitimisho. Baadaye chukua kipande cha kati chenye takwimu. Ukifika muhula wa pili, jitolee kujibu maswali, maana huko ndiko kugumu.

La pili ni la lugha, na hapa najua nitapigwa mawe. Wengi wetu tukisema tunaogopa watu, tunachokiogopa hasa ni Kiingereza. Mtu huyohuyo anayenyamaza kwenye semina, mkute kwenye kikao cha harusi akipandisha michango, au bwenini akieleza kwa nini kocha alikosea kumtoa namba tisa. Hoja zinapangika, mifano inakuja, watu wanacheka anapotaka wacheke. Huyo si mwoga wa watu hata kidogo. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukahamishiwa Kiingereza, na miaka minne tukaitumia kukariri. Sasa akisimama anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta hoja na kutafuta maneno. Lazima moja idondoke.

Mimi nawaambia wanafunzi wangu wazitenganishe hizo kazi. Ijenge hoja yako kwa lugha unayoiotea ndoto, hata kama ni Kinyakyusa. Mweleze mwenzako chumbani kwa Kiswahili mpaka aelewe na akubishie. Ukishajua unasema nini, ndipo ukivalishe Kiingereza, tena Kiingereza chako cha sentensi fupi, si kile cha kunakili kwenye makala. Wakufunzi wenzangu hawapendi hili, wanasema nafundisha watu kutafsiri kichwani. Sawa. Ila nimeona anayeijua hoja yake akikwama neno anazunguka kwa maneno mengine na kufika. Aliyekariri aya, neno moja likipotea aya nzima imeondoka nalo.

La tatu, punguzeni itifaki. Tumekulia kwenye hotuba za "mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, wazee wetu wa dini, itifaki imezingatiwa." Kwenye mkutano wa kijiji ina maana yake, ni heshima, na atakayeiruka ataonekana hana adabu. Lakini una dakika saba za prezentesheni, mbili zimeisha kwa kutaja majina ya kikundi, jina la kozi, jina la lekchara ambaye amekaa hapo na jina lake analijua. Salamu moja, kisha sema jambo lako.

Na jambo lako liwe moja. Nikikuamsha saa nane usiku nikakuuliza "kesho unasemea nini?", unijibu kwa sentensi moja. Ukinijibu "nitazungumzia maana, aina, faida na changamoto za...", bado huna hotuba, una yaliyomo ya kitabu.

Karibuni kwa maswali, mawe pia yanapokelewa.

---

Mzee wa Desa

Mkuu umeandika vizuri, ila maisha ya chuo unayajua? Muhula una masomo saba, bumu (hela ya mkopo) limechelewa, na wewe unataka mtu apige msuli kwenye somo la kuongea. Mimi nilipita kwa desa, leo nina kazi na mshahara unaingia. Hata usaili niliofanya uliisha kwa mtihani wa kuandika.

---

Binti Lizombe

Mzee wa Desa, kwenye huo usaili hukuulizwa "tueleze kuhusu wewe mwenyewe"?

---

Mzee wa Desa

Niliulizwa dada. Nilitaja jina, kabila na shule zote nilizosoma. 😂

---

Jirani wa Namanga

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku Kenya mambo ni hayohayo: kozi ya mawasiliano ni ya lazima kwa mwaka wa kwanza, CAT (majaribio ya muhula) 30, mtihani 70, na watu wanaipita wakiwa kimya. Tofauti labda ni kwamba sekondari tulikutana na ulumbi, yaani ufundi wa kuzungumza mbele ya watu, kwenye fasihi simulizi ya karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili. Tukaambiwa mlumbi anajua kuteka hadhira, anatumia methali, takriri, maswali ya balagha, anapandisha na kushusha sauti. Ajabu ni kwamba tulikariri sifa za mlumbi na hakuna mwalimu aliyesema "haya, simama ulumbe." Yaani ugonjwa mnaouzungumzia unaanzia mbali kabla ya chuo.

Waliookoka ni wale wa tamasha za muziki na drama. Mtu aliyewahi kukariri shairi mbele ya majaji, shule nzima nyuma yake, huyo chuo hakimtishi.

Swali kwa Kigoda: mbona mnafundisha nadharia za Wagiriki na huku wazee wetu walikuwa wanalumba?

---

Kigoda Chakavu

Jirani, karibu. Wagiriki wasionewe bure. Aristotle alisema msikilizaji anashawishika kwa njia tatu: anamwamini msemaji, anaguswa moyo, na anaiona hoja ina mantiki. Mtafute mshenga yeyote mzoefu uone kama hazitumii zote tatu kabla chai haijapoa. Anaanza kwa kujitambulisha ukoo wake ili aaminike, anawachekesha wazee, kisha ndipo anaweka hoja ya mahari. Hajamsoma Aristotle. Tatizo si kufundisha Wagiriki, ni kuwafundisha kama orodha na kutoleta mifano ya hapa.

Na mifano ipo tele. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera. Nchi nzima inaikumbuka kwa mambo matatu: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Kila kimoja kimerudi na muundo uleule wa sentensi, kwa hiyo aliyesikia mara moja redioni aliweza kumsimulia jirani bila kuandika popote. Vitatu vinakaa kichwani. Angeweka sababu tisa za vita, tungekumbuka ngapi?

Zaidi ya hapo, Nyerere huyohuyo alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka 1963, akairekebisha tena 1969. Nendeni kwenye tukio la mazishi, maana ni darasa kamili la kuhutubia, kwa Kiswahili. Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anatangulia, anatoa hoja yake kwa mpangilio mzuri: nilimpenda Caesar ila niliipenda Roma zaidi. Umati unakubali. Kisha anafanya kitu ambacho msemaji hapaswi kufanya, anamwachia mpinzani jukwaa na kuondoka zake. Antony, rafiki wa marehemu, anaanza kwa kusema hakuja kumsifu marehemu. Anamwita Brutus mtu wa heshima, tena na tena, na kila akirudia maneno hayo yanazidi kugeuka kejeli. Anawaonyesha wosia, anakataa kuusoma mpaka wamwombe. Anateremka chini karibu na maiti, anaonyesha vazi lililotobolewa. Aya chache tu, umati uleule unakwenda kuchoma nyumba.

Mwanafunzi aliyeisoma hiyo kwa sauti, mara kama Brutus na mara kama Antony, amejifunza zaidi ya desa zima. Tena amejifunza na hatari yake, kwamba maneno mazuri yanaweza kubeba watu kuelekea kubaya.

---

Sauti ya Chini

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye hasa unayemsema. Ni mwaka wa kwanza. Nikisimama mbele moyo unadunda mpaka nahisi walio mstari wa mbele wanausikia, mdomo unakauka, nasahau hata nilichoandika mwenyewe. Rafiki zangu wananiambia "tulia, usiogope", nikijaribu kutulia ndiyo nazidi. Hii inatibika?

---

Kigoda Chakavu

Marahaba mwanangu. Kwanza elewa kwamba huna ugonjwa. Mwaka 1993 watafiti wa chuo cha Trier, Ujerumani, walitaka njia ya uhakika ya kumpandishia mtu homoni za mfadhaiko maabara. Njia waliyoiweka: muweke mtu ahutubie mbele ya jopo lisilotabasamu, kisha afanye hesabu ya kutoa kwa sauti. Mpaka leo watafiti wanaitumia kwa sababu inafanya kazi kwa watu wengi. Kwa hiyo moyo wako unafanya kile mioyo ya wenzako inafanya.

Pili, hao wa mstari wa mbele hawasikii chochote. Thomas Gilovich na Kenneth Savitsky walilichunguza hili: msemaji anaamini hofu yake inaonekana wazi, wakati wanaomtazama wanaiona kidogo sana kuliko anavyodhani. Na wasemaji walioelezwa jambo hilo kabla ya kupanda, kwenye utafiti wao wa 2003, walihutubia vizuri zaidi kuliko ambao hawakuelezwa. Ndiyo maana nakueleza.

Tatu, hilo la "tulia" una haki ya kulikataa. Alison Wood Brooks wa Harvard mwaka 2014 alilinganisha watu waliojiambia "nimetulia" na waliojiambia "nina hamu kubwa", dakika chache kabla ya kuhutubia. Wa pili walionekana washawishi zaidi. Inaeleweka: moyo umeshakwenda mbio, kuusimamisha ghafla ni kazi, ila kuupa sababu nyingine ya kukimbia ni rahisi.

Upande wa vitendo: sentensi yako ya kwanza ikariri kama jina lako. Ya mwisho vilevile. Katikati usikariri, beba kadi ndogo yenye maneno machache ya kukukumbusha. Chupa ya maji iwe karibu, na kunywa si aibu. Ukisahau, nyamaza, tazama kadi, vuta pumzi. Kimya cha sekunde tatu kwako ni mwaka, kwa msikilizaji ni koma tu.

---

Fundi Maiki

Naomba kuchangia kwa upande wangu, mimi ni mtu wa mitambo, nafunga spika kwenye mahafali, misiba, kampeni, kila kitu. Wasomi wanatuchosha. Profesa anapanda, anapiga maiki kofi "pu pu pu", anapuliza "fuuu", halafu anaiweka kifuani na kulalamika haisikiki.

Maiki ya mkononi iweke karibu na kidevu, vidole vitatu vinne kutoka mdomoni, na ikufuate ukigeuza kichwa. Usiishike kile kichwa chake cha waya kama wasanii wa singeli, inaanza kupiga filimbi. Na ukitembea usipite mbele ya spika ukiwa nayo, itapiga filimbi vilevile, halafu mnamtazama fundi kwa jicho baya. Kufika nusu saa kabla na kusema "fundi naomba nijaribu" hakumshushii mtu heshima. Wanaofanya hivyo nawahesabu kwa vidole.

---

Binti Lizombe

Fundi umenifurahisha. Mwalimu, mimi nina swali la desa. Tumeandikiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kama ni kweli, kwa nini nihangaike na hoja? Si nivae suti tu nipunge mikono?

---

Kigoda Chakavu

Hahaha, Binti Lizombe umegusa kidonda. Hizo namba zinazunguka kwenye madesa ya dunia nzima na zimebebeshwa mzigo usio wao. Zinatoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, majaribio mawili ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti za namna tofauti, jaribio moja likaongezewa picha za nyuso, wakaulizwa msemaji ana hisia gani: anapenda, hapendi, au hajali. Pale neno na sauti vilipogongana, watu waliamini sauti na uso. Ni hivyo tu. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mitazamo, haihusu kila mazungumzo.

Ingekuwa kweli kwa kila kitu, ungewasha televisheni ya Kichina na kuelewa karibu taarifa nzima ya habari ukiwaona tu watangazaji.

Sasa kwenye mtihani andika kinachotakiwa upate maksi, halafu ongeza sentensi moja kwamba namba hizo ni za hisia. Kama msahihishaji ni mimi, nakuongezea.

---

Jirani wa Namanga

Kuna kitu hamjakitaja: vilabu. Huku Nairobi kuna vilabu vya Toastmasters, vya kujifunza kuhutubia, na najua Dar vipo pia. Shirika lilianzia Santa Ana, California, mwaka 1924. Ninachokipenda ni utaratibu wao. Kila anayehutubia ana mtu wa kumkosoa kwa heshima, kuna anayeshika saa, kuna anayehesabu kila "eeh" na "aah" uliyotamka. Hotuba ya kawaida ni dakika tano mpaka saba. Halafu kuna kipindi cha kushtukizwa, unapewa mada palepale unasema dakika moja au mbili. Ada ipo, kwa mwanafunzi si ndogo, lakini utaratibu wenyewe hauuzwi. Wanafunzi sita na simu yenye saa wanaweza kuufanya chini ya mwembe.

---

Mzee wa Desa

Hili la mwembe nimelielewa. Bure kabisa. Hapo sasa mnaongea.

Ila hicho cha kuhesabiwa "eeh" kwangu watahitaji kikokotoo.

---

Sauti ya Chini

Asanteni sana jamani. Mwalimu, nimefanya kama ulivyosema, nimeomba utangulizi. Wiki ijayo kikundi chetu kinawasilisha kuhusu pesa za kwenye simu. Nimeandika hivi, nimeanza na Kiswahili kwanza:

"Habari za asubuhi wote. Kwa majina naitwa fulani, kutoka kikundi namba nne. Leo tutawasilisha mada inayohusu huduma za pesa kwa njia ya simu. Tutaangalia maana, historia, faida, changamoto na mapendekezo. Tukianza na maana, kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali..."

Nimekosea wapi?

---

Kigoda Chakavu

Hujakosea, umefanya kama ulivyoona wengine wakifanya. Lakini ukisikia "kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali" asubuhi ya saa mbili, wewe mwenyewe si unatoa simu?

Niambie kwanza: wewe unaijua wapi hiyo pesa ya simu, mbali na vitabu?

---

Sauti ya Chini

Mama yangu anauza dagaa. Hajawahi kuwa na akaunti benki. Ada yangu ya sekondari alikuwa anailipa kwa simu, na wateja wake wa mbali wanamlipa kwa simu kabla hajapakia mzigo.

---

Kigoda Chakavu

Hiyo hapo. Anza nayo:

"Habari za asubuhi. Mama yangu anauza dagaa na hajawahi kufungua akaunti benki. Lakini wateja wake wa mbali wanamlipa kabla hajapakia mzigo, na ada yangu ya sekondari ililipwa bila yeye kupanga foleni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008. Kikundi chetu kinasema hivi: kwa mfanyabiashara mdogo, simu imefanya kazi ambayo benki haikuifanya, ila makato yake yanamla yuleyule mdogo. Mwenzangu ataanza na hayo makato."

Isome kwa sauti, haizidi dakika moja. Ina mtu, ina miaka, ina msimamo, na imemkabidhi mwenzako jukwaa. Jina la kikundi liko kwenye slaidi ya kwanza, watalisoma.

Kama hutaki kumtaja mama darasani, sema "mama mmoja muuza dagaa". Hilo ni lako kuamua.

---

Sauti ya Chini

Namtaja. Atafurahi nikimwambia.

Swali la mwisho: utangulizi naweza, lakini wakigeukia kuuliza maswali na wakanilenga mimi kwa jambo nisilolijua?

---

Kigoda Chakavu

Rudia swali kwa maneno yako, itakupa muda na watu wa nyuma watalisikia. Kama jibu unalo nusu, toa hiyo nusu na useme ni nusu. Kama huna, sema "hilo hatukulifikia kwenye kazi yetu" na umtazame mwenzako wa makato, labda analo. Usitunge takwimu pale mbele. Kila darasa lina mtu mmoja ambaye tayari anaitafuta kwenye simu.

---

Binti Lizombe

Na huyo mtu kwenye darasa letu ni mimi. 😅 Sauti ya Chini, kama uko Dar niandikie faragha, tuna watu wanne tayari wa huo mwembe wa Jirani. Jumamosi saa kumi jioni. Mzee wa Desa naye aje, kazi anayo, atuletee soda.